Masanduku ya karatasi za Padre: ni za nani, na zifanywe nini?

*"Shikamoo. Mjomba wangu alikuwa padre wa jimbo na alifundisha chuo kikuu kwa zaidi ya miaka ishirini. Alifariki mwaka juzi, na vitu vyake vililetwa nyumbani kwetu Tabata: masanduku manne ya bati na maboksi kadhaa. Ndani kuna majalada ya mihadhara, barua nyingi za wanafunzi wake wa zamani na za mapadre wenzake, nyingine za Kiingereza na Kilatini, muswada wa kitabu ambacho hakukimaliza, kaseti, picha na shajara za miaka mingi. Chumba kina unyevu na boksi moja limeanza kuliwa na mchwa. Mama mkubwa anasema ni dhambi mlei kusoma karatasi za padre, kwa hiyo tuzichome. Kaka yangu anasema tuzipige picha kwa simu kisha tuzitupe. Binamu yangu amejitolea kuzipanga kwa tarehe na kuzipiga laminesheni zisichakae. Kuna mkusanyaji wa stempu anayetaka kununua bahasha za zamani. Paroko anasema ni mali ya Kanisa, na mwalimu mmoja wa chuo alikofundisha marehemu anasema chuo kingependa kuzipata. Kikao cha familia ni mwisho wa mwezi huu. Je, karatasi hizi ni za nani hasa, na tufanye nini bila kumvunjia heshima marehemu?"*

Marahaba, na poleni sana. Msiba wa mtu aliyeacha masanduku ya karatasi hauishi siku ya kuanua matanga, na ninaona kwamba chini ya maswali yako mengi kuna hofu moja: kwamba lolote mtakalofanya mtamkosea mtu. Mkizisoma mtamkosea marehemu, mkizitoa mtawakosea ndugu, mkizizuia mtalikosea Kanisa. Jibu langu la moja kwa moja ni hili: msichome, msitupe, msiuze na msipange upya chochote. Kikao cha mwisho wa mwezi hakilazimiki kuamua karatasi ziende wapi. Kiamue tu ni nani atakayekuwa mwangalizi wake kwa sasa na zihamishiwe chumba gani. Thamani ya masanduku hayo inatokana na kukaa kwake pamoja, katika mpangilio aliouacha mwenyewe, na hilo ndilo linalopotea upesi kuliko yote na halirudishiki.

Nianze na lisilosubiri, yaani mchwa na unyevu. Dar es Salaam ni mji mgumu kwa karatasi. Wakati wa masika unyevu wa hewa hupita asilimia 80 mara kwa mara, ilhali ukungu huanza kuota kwenye karatasi unyevu ukizidi takriban asilimia 65 kwa siku kadhaa mfululizo. Karatasi zenyewe nazo hubeba adui ndani yake: nyingi za karne ya ishirini zilitengenezwa kwa massa ya mbao na kutiwa shabu ili wino usisambae, na mchanganyiko huo huzaa asidi ambayo hukatakata nyuzi za karatasi polepole. Joto na unyevu huiharakisha kazi hiyo. Ndiyo maana gazeti la zamani huwa la kahawia na huvunjika likikunjwa, wakati karatasi nzuri ya barua ya umri uleule bado ni laini.

Kwa hiyo hamishieni masanduku kwenye chumba kikavu kuliko vyote mlivyo navyo, mbali na ukuta wa bafu na mbali na dirisha linaloingiza mvua, na yainuliwe juu ya mbao au matofali kiasi cha shubiri moja kutoka sakafuni. Boksi lenye mchwa litengwe nje ya chumba, karatasi zitolewe kwa mafungu kama zilivyo, zikung'utwe kwa brashi laini kivulini, kisha ziwekwe kwenye boksi safi lenye maandishi yanayoonyesha zilitoka boksi gani. Dawa ya mchwa ipigwe na fundi kwenye sakafu na kuta, kamwe isinyunyiziwe kwenye karatasi. Msizianike juani, kwa kuwa jua hukausha haraka lakini hufifisha wino na kuzikunja karatasi. Zilizoota ukungu zitengwe, na anayezishika avae barakoa, maana vumbi la ukungu hudhuru mapafu. Msizifungie kwenye mifuko ya plastiki ikiwa bado zina unyevu, kwa kuwa mtakuwa mmeufungia ukungu humo ndani. Mkikuta vibanio vya chuma vilivyoota kutu, viacheni hadi apatikane anayejua kuvitoa, kwa sababu kibanio kikivutwa kwa nguvu huondoka na kipande cha barua.

Sasa nirudi kwa mama mkubwa, ambaye hofu yake naiheshimu kwa kuwa inatokana na uchaji. Hakuna kanuni ya Kanisa inayomkataza mlei kushika au kusoma karatasi za padre kwa sababu tu ni za padre. Mtakatifu John Henry Newman, aliyekuwa padre na kisha kardinali, na ambaye kati ya mwaka 1854 na 1858 aliongoza Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Dublin, alitumia muda mwingi wa uzee wake kuzipanga barua zake mwenyewe. Jumuiya yake ya mjini Birmingham ilizitunza, na barua hizo pamoja na shajara zake zimechapishwa katika juzuu 32 ambazo mlei yeyote anaweza kuzisoma. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2019, na wala barua hizo hazikuwa kikwazo.

Linalokatazwa ni jambo mahususi zaidi, na hapo mama mkubwa ameshika ncha ya ukweli. Siri ya kitubio haivunjwi kwa hali yoyote. Ndivyo inavyosema kanuni ya 983 ya Mkusanyiko wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, na kanuni hiyohiyo inawafunga pia watu wengine wote ambao kwa njia yoyote wamepata kujua dhambi kutokana na maungamo. Padre hatarajiwi kuandika aliyoyasikia kitubioni, na katika karatasi za mapadre nilizowahi kuhudumia kazi kubwa haikuwa hapo. Ilikuwa kwenye karatasi zilizo jirani na siri hiyo: barua ya mwanafunzi anayemweleza padre matatizo ya ndoa ya wazazi wake, maelezo ya ushauri wa kiroho, maoni kuhusu mseminari anayefikiria kuacha, nakala za shauri la ndoa lililopelekwa kwenye mahakama ya Kanisa. Hizo hazimo ndani ya siri ya kitubio, lakini ni siri za watu, na wengi wao wanaweza kuwa hai, wengine wakiwa wanasali parokia moja na nyinyi.

Hata hivyo siri hailindwi kwa kiberiti. Kanisa lenyewe lina utaratibu wa nyaraka za siri: kanuni ya 489 inataka kila ofisi ya jimbo iwe na hifadhi ya siri, na kanuni ya 490 inasema ufunguo wake awe nao askofu peke yake. Kanuni hizohizo zinataja nyaraka zinazopaswa kuteketezwa baada ya muda fulani, lakini hata hapo zinaagiza ubaki muhtasari mfupi pamoja na hukumu yenyewe. Wanaochoma ni wenye mamlaka, kwa utaratibu, wakijua wanachokichoma. Mkimwona mama mkubwa anasitasita, mwambieni kwamba ipo njia ya kuzifunga barua hizo zisisomwe na mtu kwa miaka mingi bila kuzipoteza. Nitaieleza huko mbele.

Naomba nikae kidogo kwenye pendekezo la binamu yako, kwa sababu ndilo linaloonekana la kheri kuliko yote na ndilo linaloweza kuharibu zaidi. Watunza nyaraka wana kanuni mbili ambazo hazina mjadala. Ya kwanza ni kwamba karatasi zilizotoka kwa mtu mmoja hazichanganywi na za mwingine. Ya pili ni kwamba mpangilio aliouacha mwenyewe unaheshimiwa, hata kama kwa macho yetu ni fujo. Sababu yake utaiona ukichukua jalada moja la mihadhara na kuliangalia kwa makini.

Chukua jalada la somo la maadili lililotumika kwa miaka mingi. Juu kuna karatasi zilizodurufiwa kwa mashine ya spiriti, herufi zake za zambarau zimeanza kufifia. Pembeni kuna penseli: mfano umekatwa, mwingine umeandikwa juu yake, na mwaka wa baadaye kwa kalamu ya bluu mfano huo wa pili nao umekatwa. Katikati ya jalada pamebanwa barua ya mwanafunzi anayebishana na mhadhara wa wiki iliyopita, na ukurasa unaofuata una aya mpya kwa mwandiko wa mkono, bila shaka jibu la padre kwa kijana huyo. Ukigeuza ukurasa wenyewe unakuta nyuma yake ni matangazo ya Misa ya Dominika, kwa sababu katika miaka ya uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, karatasi ilikuwa adimu na mtu aliandika kwenye chochote kilichokuwa na upande mweupe. Matangazo hayo yana tarehe, na tarehe hiyo ndiyo inayotuambia aya hiyo iliandikwa lini. Sasa mtu mwenye nia njema akija akaitoa barua akaiweka kwenye fungu la barua, akayatoa matangazo akayaweka kwenye fungu la parokia, kila karatasi itakuwa salama na hadithi yote itakuwa imekufa. Hatutajua tena kwamba mwalimu huyo alibadilisha mhadhara wake kwa sababu mwanafunzi alimpinga, na kwa mtu anayetaka kumwelewa mjomba wako kama mwalimu, hilo ni kubwa kuliko mhadhara wenyewe.

Kwa hiyo binamu na apewe kazi nyingine yenye faida: kuandika orodha. Sanduku la kwanza lina majalada mangapi, kila jalada limeandikwa nini juu yake, ndani yake kuna aina gani ya karatasi na za miaka ipi kwa makadirio. Hahitaji kusoma barua yenyewe. Inatosha kuandika "barua, takriban hamsini, miaka ya 1970". Atumie penseli kuandika kwenye boksi na kwenye vikaratasi vya kutenganisha, asiandike chochote kwenye karatasi za marehemu. Laminesheni iachwe kabisa. Mashine hiyo huyeyusha plastiki kwa joto na kuigandisha kwenye nyuzi za karatasi. Asidi hubaki ndani ikiendelea kula, na hakuna fundi atakayeitoa plastiki hiyo bila kuiumiza barua. Selotepu ni hivyohivyo: gundi yake huwa ya kahawia na kuacha doa lisilofutika.

Kaka yako naye ana nusu ya hoja. Kupiga picha ni jambo jema, hasa kwa karatasi zinazovunjika, kwa karatasi za faksi ambazo maandishi yake hufifia yenyewe, na kwa kaseti, ambazo utepe wake huharibika na mashine za kuzicheza zinazidi kuadimika. Lakini picha ni nakala ya tahadhari, haichukui nafasi ya karatasi. Simu hupiga upande mmoja na kuuacha ule wa matangazo ya Misa. Haionyeshi vizuri alama ya penseli iliyofutwa. Na picha zikihifadhiwa kwenye simu moja au diski moja, siku kifaa kikifa zimekufa pamoja. Mkitaka kupiga, pigeni kila ukurasa pande zote mbili kwa mpangilio uleule uliomo kwenye jalada, na nakala ziwekwe mahali pawili au zaidi. Tafadhali msizirushe kwenye kundi la WhatsApp la familia. Ubora wa picha hupungua zikipitia huko, na hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba barua ya mtu aliyefungua moyo wake kwa padre mwaka 1985 itakuwa kwenye simu za watu usiowajua kabla ya jioni. Tangu Mei 2023 nchi yetu inayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayotumika, kwa hiyo jambo hilo limeshavuka mpaka wa adabu likaingia kwenye sheria.

Kwa mkusanyaji wa stempu jibu ni hapana. Muhuri wa posta kwenye bahasha mara nyingi ndio ushahidi pekee wa mahali na tarehe ya barua isiyoandikwa tarehe, na bahasha ikiuzwa, barua hubaki bila mahali wala siku.

Nitoe mfano wa kweli wa jinsi karatasi moja ya padre mwalimu inavyoweza kubeba uzito. Georges Lemaître alikuwa padre Mkatoliki wa Ubelgiji na profesa wa Chuo Kikuu cha Louvain. Mwaka 1927 alichapisha kwa Kifaransa makala iliyoonyesha kwamba ulimwengu unatanuka, miaka miwili kabla ya Edwin Hubble wa Marekani kuchapisha vipimo vyake vilivyompa sifa duniani. Makala ya Lemaître ilipotolewa kwa Kiingereza mwaka 1931, katika jarida la chama cha wanaastronomia cha Uingereza, aya muhimu zilizohusu kasi ya kutanuka huko hazikuwamo. Baadaye watu walijiuliza ni nani aliyezikata, na wengine wakaanza kumshuku mhariri, hata Hubble mwenyewe. Mwaka 2011 mwanafizikia Mario Livio alipekua majalada ya chama hicho akaikuta barua ya Lemaître kwa mhariri, ya Machi 1931. Ni padre mwenyewe aliyeitafsiri makala yake, na ni yeye aliyeona hapakuwa na haja ya kuzirudia aya hizo. Barua moja ya kawaida ya ofisini ikawasafisha watu waliokuwa wameshatuhumiwa. Mwaka 2018 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ulipendekeza kanuni hiyo ya kutanuka kwa ulimwengu iitwe kwa majina yote mawili, Hubble na Lemaître.

Nimeisimulia kwa sababu mbili. Kwanza, barua hiyo haikuonekana ya maana siku ilipoandikwa, na mtu wa kawaida aliyepewa kazi ya kupunguza karatasi angeitupa bila kusita. Ndiyo maana nakuomba usichague sasa kipi ni muhimu. Pili, ilipatikana kwa aliyeandikiwa. Barua alizozituma mjomba wako ziko kwa wengine, kwenye masanduku ya mapadre wenzake na wanafunzi wake, na kwenu mna zile alizopokea tu, isipokuwa kama alikuwa na desturi ya kubakiza nakala za kaboni. Angalieni karatasi nyembamba zinazoonekana kama takataka, zenye herufi zilizofifia za taipureta na zisizo na sahihi. Mara nyingi hizo ndizo nakala hizo, na ndiyo sauti yake.

Sasa tuje kwenye umiliki, ambako paroko na mwalimu wa chuo kila mmoja ana haki kidogo. Kwanza ulizeni kama kweli alikuwa padre wa jimbo. Kama angekuwa mtawa wa shirika, kanuni ya 668 inasema kile anachokipata mtawa kwa jitihada zake au kwa sababu ya shirika ni mali ya shirika, na mazungumzo yenu yangekuwa na mkuu wa shirika. Padre wa jimbo hafungi nadhiri ya ufukara. Anaweza kuwa na mali yake na kuandika wosia. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye kikao liwe: je, aliacha wosia? Tafuteni kwenye karatasi zenyewe, ulizeni ofisi ya jimbo, na ulizeni RITA, yaani wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, ambako watu huhifadhi wosia zao. Kama hakuna, karatasi zake binafsi zinaingia kwenye mirathi kama mali nyingine, na mwenye mamlaka ya kuzitoa ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Mama mkubwa hana mamlaka hayo peke yake, na wewe pia huna, hata kama masanduku yako kwenu.

Lakini si kila karatasi iliyomo sandukuni ilikuwa yake. Mkikuta daftari la ubatizo, la ndoa au la vifo, hiyo ni mali ya parokia na irudishwe. Kuna watu ambao uthibitisho wa ubatizo wao umo humo tu. Majalada ya jimbo na ya shauri la ndoa yarudishwe kwa kansela wa jimbo, ambaye kwa sheria za Kanisa kazi yake kuu ni kutunza nyaraka za ofisi ya jimbo. Hapo angalieni: jimbo linalohusika ni lile alilokuwa padre wake, ambalo huenda liko mbali na Dar es Salaam hata kama alifundisha na kufia hapa. Vivyo hivyo, matokeo ya mitihani, mihtasari ya vikao vya idara na majalada ya wanafunzi ni mali ya chuo, na kama ni chuo cha umma hizo ni kumbukumbu za umma zinazosimamiwa na Sheria Na. 3 ya mwaka 2002. Zirudisheni kwa hati ya makabidhiano, na kwenye jalada mlipozitoa mwache karatasi inayosema kilichotoka na kilikokwenda.

Kuna tabaka jingine ambalo familia nyingi hazilijui. Kumiliki karatasi hakukupi haki ya kuyachapisha maneno. Barua ya mwanafunzi iliyomo sandukuni ni karatasi yenu, lakini hakimiliki ya maneno yake ni ya aliyeiandika, na kwa sheria yetu ya mwaka 1999 haki hiyo huendelea miaka 50 baada ya kufa kwake. Muswada wa mjomba wako, kinyume chake, unaweza kuwa na hakimiliki iliyorithiwa na familia, na mihadhara aliyoiandaa akiwa ameajiriwa huenda ikaguswa na mkataba wake wa kazi. Hilo msiliamue wenyewe.

Ziende wapi basi? Hifadhi ya jimbo ina faida ya kuelewa kinachohitaji siri na kujua lugha ya Kanisa, Kilatini kikiwemo. Udhaifu wake ni kwamba majimbo hayalingani, na kwingine nyaraka ziko chini ya padre mmoja mwenye kazi nyingine tano. Maktaba ya chuo kikuu ina wasomaji, na kwa mwalimu ndiko wanafunzi wake watakakomtafuta. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, ina mkusanyo maalumu wa Afrika Mashariki ambamo zimetunzwa karatasi za watu binafsi, zikiwemo za Hans Cory na Henry Fosbrooke, watafiti wa jamii wa zama za ukoloni, na watafiti wamekuwa wakizitumia kwa miaka mingi. Udhaifu wa vyuo ni kwamba ahadi ya mwalimu mmoja si ahadi ya chuo. Mwalimu huyo akistaafu, maboksi yanaweza kubaki chini ya meza ya ofisi yake. Ongeeni na mkuu wa maktaba, kwa maandishi. Nyaraka za Taifa, pale Upanga, zina wataalamu na zinafaa zaidi kama mjomba wako alishiriki mambo ya kitaifa. Kubaki nazo nyumbani ndilo chaguo ninaloliogopa zaidi, pamoja na upendo wote mlio nao, kwa sababu kizazi kinachofuata kitahama na chumba kitahitajika. Kupeleka nje ya nchi nisingependekeza wakati wapo watu hapa wanaoweza kuzitunza; mwanafunzi wa Mlimani hapaswi kuomba viza ili asome mihadhara iliyotolewa Mlimani.

Mnapokwenda kuzungumza, tembeleeni chumba zitakamowekwa. Tazameni dari kama inavuja, ulizeni umeme ukikatika inakuwaje, ombeni kuona namna karatasi za watu wengine zilivyohifadhiwa. Kama mngependa chuo kizitunze na jimbo lipate nakala, hilo linawezekana na ni bora mara kumi kuliko kugawana masanduku mawili huku na mawili kule. Kisha andikeni mkataba, mkitamka wazi kama mnatoa zawadi au mnaweka amana, nani ana hakimiliki ya muswada, familia itapata nakala gani, taasisi ifanye nini kabla ya kutupa chochote, na karatasi ziende wapi taasisi hiyo ikifungwa. Humo ndimo inamokaa ile njia niliyomwahidi mama mkubwa: mnaweza kuagiza kwamba shajara na barua za ushauri wa kiroho zifungwe kwa miaka 30, 50, au hadi wote waliotajwa wawe wamefariki, na katika muda huo asiruhusiwe mtu kuzifungua isipokuwa mtunzaji.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliyatoshelezi. Ukungu ukiwa umeenea zaidi ya boksi moja, au karatasi zikiwa zimeloa na kugandana, msizibandue. Mwiteni mhifadhi nyaraka kutoka Nyaraka za Taifa au maktaba ya chuo aje azione. Ndugu wakishindwa kukubaliana, au pakiwa na wosia unaobishaniwa, nendeni kwa wakili kabla ya karatasi yoyote kutoka nje ya nyumba. Na mkikuta maandishi yanayoonekana kugusa kitubio, au tuhuma nzito dhidi ya mtu aliye hai, acheni kusoma papo hapo, fungeni bahasha, andikeni nje tarehe na jalada ilikotoka, na mumwone kansela wa jimbo ana kwa ana. Kama ni tuhuma ya kosa la jinai, hasa linalohusu mtoto, wakili naye aelezwe mapema, wala bahasha hiyo isiharibiwe kwa kisingizio cha kulinda jina la mtu.

Hukuniuliza waziwazi kama wewe mwenyewe unaweza kuzisoma shajara za mjomba, ingawa nadhani ndilo linalokukera usiku. Kama wosia haukatazi na msimamizi wa mirathi amekubali, unaweza, lakini nakushauri usubiri orodha ikamilike na karatasi ziwe mahali pakavu, kisha usome ukiwa na mtu mzima mmoja wa familia aliyemfahamu vizuri, ambaye ataweza kukueleza nani ni nani na lipi lilitokea lini. Maelezo yake yaandikeni pembeni kwenye daftari lenu, mkitaja tarehe ya shajara inayohusika, na daftari hilo nalo liende pamoja na masanduku.